Mbonea na Tishio Asiyetisha

“Mwoga haitwi, hungojwa.” Ndivyo bibi yenu alivyomwambia yule mgeni mchana, alipomwona anamvuta mtoto kutoka nyuma ya mlango ili amsalimie kwa nguvu. Nyinyi mkacheka, kisha mkaja kuuliza maneno hayo yametoka wapi. Haya, sogeeni. Yalianzia milimani Upare, kinywani mwa mtu aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote, siku ambayo sauti hiyo haikumfaa kitu.

Mtu huyo aliitwa Mbonea. Kazi yake ilikuwa kuita watu kwenye msaragambo, yaani kazi ya pamoja: kuzibua mfereji, kutengeneza njia, kuezeka nyumba ya mjane. Asubuhi alipanda jiwe lililo juu ya kijiji, akapuliza baragumu, kisha akatangaza. Watu wa mlima wake walishika majembe. Watu wa mlima wa pili nao walishika majembe, ingawa mfereji haukuwa wao. Wa mlima wa tatu walitoka nje kutazama mawingu. Siku moja alipiga chafya akiwa pale jiweni, na nusu ya kijiji ikafika na mapanga. Tangu azaliwe, Mbonea hakuwahi kuona kitu chenye uhai kikiitwa naye kisije. Hata mkewe Nakijwa, akiwa jikoni hapo hapo, Mbonea alimwita kana kwamba yuko ng'ambo ya bonde.

Basi mwaka huo mbwa wao mzee akafa, mahindi ndiyo kwanza yanaanza kubeba. Nyani wa msitu wa juu wakapata habari za msiba, wakaja matangani shambani kwa Mbonea. Walikula, wakajipumzisha kivulini, wakala tena, wala hakuna aliyeonyesha dalili ya kuanua tanga.

Mbonea akateremka tambarare kwa shemeji yake mwenye mashine ya kusaga, akapewa mbwa jike wa rangi ya majivu. Pale mashineni kila aliyesubiri unga wake alikuwa na teke la kumpa. Mbavu zilihesabika, mkia umejificha tumboni. Mbonea akampa jina la kumtia moyo: Tishio.

“Tishio kwa nani?” Nakijwa aliuliza, maana wakati huo Tishio alikuwa anamkimbia kuku mwenye vifaranga.

Tishio akahamia chini ya ghala. Hakula mtu akimtazama. Ukiinua mkono kujikuna, alijilaza chini na kujikojolea. Mbonea alimwita asubuhi, akamwita mchana, na kila alivyoongeza sauti, mbwa alizidi kujikunyata gizani.

“Baba Kiondo, punguza,” Nakijwa alimwambia mumewe.

“Nikipunguza atasikiaje?”

“Anasikia sana. Ndiyo maana hatoki.”

Jirani yao, mzee Senzota, yeye alikuwa na dawa nyingine. “Mbwa asiyelinda ni mdomo wa bure. Mrudishe mashineni.”

Mbonea alikumbuka yale mateke. “Hapa harudishwi mtu,” akasema, na mabati ya nyumba ya Senzota yakatetemeka.

Sasa, kijijini kwao kulikuwa na desturi. Mgeni akihamia, mpiga baragumu alikwenda kumpulizia mlangoni kwake, ili siku ya kazi asije akasema hakuijua sauti. Mbonea akawaza: kama watu hupuliziwa wakazoea, mbwa ana nini? Akachukua baragumu, akainama mbele ya ghala, akalipuliza.

Tishio hakuzoea. Alipita katikati ya miguu yake kama mshale, akaruka ua, akateremkia korongoni, akajipenyeza kwenye ufa wa miamba. Na kabla Mbonea hajashusha baragumu, kijiji kizima kimekwisha fika na majembe.

“Kazi gani leo?” wakauliza.

“Mbwa!”

Kwa kuwa walikuwa wamekwisha toka majumbani, wakateremka naye. Wakauzunguka ule ufa, kila mmoja akaita kwa ufundi wake. Wapo waliopiga miluzi, wapo waliopiga madebe. Tishio akarudi ndani mpaka yakabaki kuonekana macho tu. Na juu kule msituni mawingu yalikuwa meusi. Korongo lile lilikuwa kavu, lakini kila mtu pale alijua tabia yake: mvua ikinyesha juu, maji huteremka kwa pamoja, na kilichomo korongoni hakionekani tena.

“Tumfukize moshi,” Senzota alisema. “Atatoka tu.”

“Atatoka au atafia humo,” Nakijwa alijibu.

Mbonea akalala kifudifudi, akachungulia. Akavuta pumzi ili amwite kwa upole, upole wake yeye, ambao ungeweza kumwamsha mlevi. Hapo ndipo alipoona. Hajasema neno bado, ila kifua kilipojaa tu, ngozi ya mbwa ikaanza kutetemeka. Akaitoa ile pumzi polepole. Ngozi ikatulia. Akavuta tena. Ikatetemeka.

“Kumbe ni mimi,” akajisemea moyoni.

Akasimama, akawaashiria watu kwa mikono waondoke. Hawakuelewa, Mbonea kuzungumza kwa mikono! Wengine walidhani amepatwa na kiharusi. Nakijwa ndiye aliyeelewa. Akawapandisha wote ukingoni, kisha akarudi na kipande cha ugali wa kiporo, akakiweka kwenye kiganja cha mumewe bila neno.

Mbonea akakaa juu ya mchanga, akaupa ufa mgongo, mkono wenye ugali ameulaza nyuma yake. Hakugeuka. Kunyamaza kulimwasha kama upupu. Jina la mbwa lilimpanda kooni, akalimeza; likapanda tena, akalimeza tena.

Radi ikapiga. Uzi mwembamba wa maji ukapita kati ya mawe.

“Mbonea!” Senzota aliita kutoka ukingoni. “Maji hayo! Mwite!”

Mbonea akatikisa kichwa. Midomo yake ikacheza kidogo tu.

“Anasemaje?” Senzota aliuliza. Hakuna aliyewahi kuuliza swali hilo kuhusu Mbonea.

Nakijwa, aliyekuwa chini kidogo na shuka limekazwa kifuani, ndiye aliyesikia. “Anasema, mwoga haitwi, hungojwa.”

“Angojwe mpaka lini? Watasombwa wote wawili! Shemeji, mwambie mumeo atoke!”

Nakijwa akafumba macho. Hakumwambia.

Maji yakafika kisigino cha Mbonea, yakafika kifundo cha mguu. Ndipo akahisi pua ya baridi kiganjani. Ugali ukaondoka. Mtu mwingine angegeuka amkamate shingo, na mbwa angerudi ufani, na hadithi ingeishia hapo. Mbonea hakumgusa. Aliinuka kama mtu anayebeba mtungi uliojaa, akaanza kupanda njia bila kutazama nyuma. Alisikiliza tu. Nyuma yake, juu ya mawe, kucha zikagonga. Zikasimama. Kisha zikagonga tena, karibu zaidi.

Walipofika ukingoni pamoja, korongo lilinguruma, na ule ufa ukafunikwa na maji mekundu.

Hakuna aliyeshangilia. Nakijwa aliwazuia kwa kidole mdomoni.

Msidhani shamba liliokoka; mwaka huo nyani walivuna kuliko wenyewe. Tishio alihama ghalani akalala uani, baadaye kizingitini, na hakuna aliyemharakisha. Lakini msimu uliofuata, nyani walipokuja, alisimama karibu na Mbonea, miguu inatetemeka.

“Mwamuru!” Senzota alinong'ona, siku hizo hata yeye alikuwa ananong'ona.

Mbonea alikaa kimya. Baada ya muda Tishio akabweka. Mbweko wenyewe ulikuwa mdogo, hata nyani mmoja mzee aligeuka kama anayetaka kujua nani kakohoa. Akabweka tena. Na tena, kila mara kwa nguvu zaidi. Alipobweka mara ya mwisho, nyani walikuwa wameshafika msituni, wameacha mahindi waliyokwisha kuyachuma.

Mbonea hakumsifu kwa kelele. Alikaa chini, akaacha nafasi kando yake, akatazama kwingine. Tishio akaja mwenyewe, akalaza kichwa chake gotini pake.

Mwoga haitwi, wanangu. Hungojwa.