Dirisha la Nyuma la Fundi Mihambo

“Upepo hauingii pasipo na pa kutokea.” Mshenga ndiye aliyeitamka methali hiyo mchana, mbele ya wazee wa pande mbili, na ubishi wote wa mahari ukaisha. Vijana waliokuwa wakiosha vyombo uani walibaki wakiulizana. Wengine walisema ni habari ya ujenzi, mmoja akasema ni fumbo la mambo ya ndoa. Ndipo wakamfuata Bi Kalunde, aliyezaliwa Tabora, mtaa wa Ng'ambo, na ambaye hana haraka na hadithi yoyote.

“Wote mmepata na wote mmekosa,” akawaambia. “Ni habari ya ujenzi, na imetuliza ndoa nyingi. Lakini mama yake methali hii ni vumbi la mbao za mninga. Kaeni.”

Na alivyowasimulia ni hivi.

Zamani zile Ng'ambo palikuwa na fundi seremala jina lake Mihambo. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja kirefu ubavuni mwa nyumba, chenye mlango na dirisha dogo upande wa mbele, na dirisha jingine nyuma. Aliyelala kitanda kizuri katika mtaa ule alilalia kazi ya Mihambo. Ukipita pale asubuhi ulisikia randa ikiteleza juu ya ubao, na harufu ya mninga ilikusindikiza mpaka sokoni. Bi Kalunde akifika hapa hufumba macho kidogo. Husema siku hizi vitanda vinakuja na lori vimefungwa kwa makaratasi, havina harufu ya kitu chochote, na vikianza kulia hujui umlaumu nani.

Wakati Mihambo alipokuwa akipasua mbao kwa msumeno wa mkono, vumbi halikuwa neno. Unga ulidondoka miguuni, na jioni mkewe, Kalekwa, aliufagia. Kisha umeme ukaingia mtaani, naye Mihambo akanunua msumeno wa mashine. Kazi ya siku mbili ikawa ya saa moja. Lakini ule unga mzito wa zamani uligeuka vumbi jembamba, jekundu, lililoruka juu na kukataa kutua. Bahati yake ni kwamba kiangazi chote upepo wa mashariki uliingia kwa mbele, ukapita chumbani, ukalibeba vumbi na kutoka nalo kwa dirisha la nyuma. Mihambo hakulifikiria zaidi ya hapo.

Nyuma ya dirisha hilo, hatua tatu tu, palikuwa na ua wa Bi Nyemo. Huyu alikuwa mjane wa Kigogo, mumewe alikuwa mtu wa reli, na alipofiwa alibaki Tabora akiuza michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kuanikwa mpaka vikauke. Mnyamwezi na Mgogo ni watani tangu enzi za misafara, kwa hiyo wawili hawa walitukanana kila siku ya Mungu, kwa furaha kubwa. Mihambo akisema kwao Dodoma hata mbuzi wanafunga kwa kukosa majani, Bi Nyemo alijibu kwamba Mnyamwezi akionja asali husahau jina la mkewe. Wapita njia walisimama kuwasikiliza. Ilikuwa raha ya mtaa, na haikumgharimu mtu senti moja.

Siku mambo yalipoharibika, yalianza kuharibika asubuhi. Mteja mmoja alikuwa amerudisha kitanda kilichoachia mguu, akamsema Mihambo mbele ya wateja wengine. Fundi alikuwa bado ameinamisha kichwa wakati Bi Nyemo alipozunguka nyumba na kutokea mlangoni, ameshika ungo wa michembe iliyogeuka nyekundu kwa vumbi.

“Jamani, tazameni! Mnadhani mtani wangu huyu ni fundi wa vitanda? Kazi yake ni vumbi. Vitanda ni mabaki!”

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na aliyecheka kuliko wote ni yule mwenye kitanda. Siku nyingine Mihambo angejibu, tena angejibu kwa kuvuka mpaka. Siku hiyo aliweka randa chini, akatoka, akakanyaga udongo kwa miguu yake mwenyewe, na jua halijazama dirisha la nyuma lilikuwa limezibwa kwa matofali.

Bi Nyemo alidhani utani unaendelea. “Leo Mnyamwezi kanijibu kwa tofali!” akawatangazia majirani. Siku ya tatu akapeleka sahani ya michembe iliyopikwa na karanga, ili kupoza. Sahani ikarudi na michembe yake yote. Hapo mtaa ukashtuka, kwa maana mtani hakasirikiwi. Anayemnunia mtani ndiye mkosaji, hata kama mzaha ulikuwa mkali, na faini yake ni kuku, anayempeleka kwa mikono yake mwenyewe. Wazee walimwendea Mihambo wakamkumbusha. Akawajibu kwamba kuku wake wanataga.

Miaka miwili watani hao walipita njia moja bila kusalimiana. Na miaka hiyo miwili vumbi la Mihambo lilibaki ndani pamoja naye.

Kwanza alikuwa akikohoa asubuhi tu, akasema ni baridi. Kisha akawa anakohoa akipanda ngazi mbili za baraza. Akipaka vanishi, vumbi lilitua juu yake kabla haijakauka, na meza iliyotakiwa ing'ae ikatoka na chunusi. Mwisho Kalekwa alimshika mkono akampeleka hospitali, na tabibu akamsikiliza kifua mbele na nyuma.

“Fundi,” tabibu akasema, “mapafu yako yanakula mbao. Chumba chako hakina hewa. Ama uondoe vumbi, ama uache kazi. Ukiendelea hivi, mwakani hutaweza hata kuinua randa.”

Mihambo aliogopa. Baba yake alikuwa seremala, na babu yake alichonga mizinga ya nyuki. Yeye mwenyewe hakujua kulima wala kuuza duka. Aliitazama mikono yake njia nzima ya kurudi.

Lakini hakuwa mtu wa kukaa. Kesho yake akabomoa dirisha dogo la mbele akaweka kubwa, mbawa mbili, ambalo mtu angeweza kulipitia amebeba meza. Akasimama akangoja upepo. Nje majani yaliyumba, ndani vumbi lilining'inia palepale. Akanyunyiza maji sakafuni, akajifunga kitambaa puani. Mwisho akanunua pangaboi, akalitundika juu ya meza ya kazi na kulifungulia mpaka mwisho. Vumbi la miaka miwili, lililokuwa limelala kwa amani juu ya kenchi za paa na nyuma ya mbao, likaamka lote kwa pamoja. Karani mmoja aliyekuja kuulizia kabati aliingia na nywele nyeusi akatoka na nyekundu. Bi Kalunde hucheka hapa mpaka machozi, kisha hukumbuka kwamba Mihambo alikohoa damu jioni ile, naye huacha kucheka.

Kalekwa ndiye aliyeiona damu. Hakupiga kelele. Alikwenda jikoni, akarudi na kijinga kinachofuka moshi, akakiweka kwenye lile dirisha jipya kubwa.

“Tazama moshi, Fundi.”

Moshi ulipanda, ukazubaa, ukarudi nje.

“Upepo una akili,” Kalekwa akasema. “Unachungulia, unaona hakuna njia ya kupita, unakwenda zake. Hata ukibomoa ukuta wote wa mbele hautaingia.”

“Najua,” Mihambo akasema.

“Ulijua tangu lini?”

Mihambo aliketi juu ya gogo. “Tangu nilipoweka tofali la mwisho,” akasema. “Mimi ni fundi, Kalekwa. Nitakosaje kujua?”

Kalekwa hakumpa pole wala hakumsuta. Alikwenda bandani, akamkamata jogoo, akamfunga miguu, akamweka mapajani mwa mumewe.

Mihambo alipita na jogoo yule mbele ya mtaa mzima, saa nne ya asubuhi, wakati kila mtu yuko nje. Jogoo alipiga kelele njia nzima. Alipofika ua wa Bi Nyemo alibisha hodi, na sauti yake mwenyewe ilimsikitisha.

Bi Nyemo alikuwa anatwanga. Alimtazama, akamtazama jogoo, akaendelea kutwanga mara tatu zaidi.

“Nani huyu? Namfananisha na mtu aliyekuwa jirani yangu.”

“Ni mimi, mtani.”

“Mtani!” Akaegemeza mchi. “Babu zako, Mnyamwezi, walibeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka pwani. Mwendo wa miezi mitatu, na walipofika wakatua. Wewe umebeba neno moja tu, neno la mwanamke muuza viazi, miaka miwili, na hujafika hata kisimani. Hebu tua mzigo, mwanangu! Shingo haikuumi?”

Mihambo alitaka kujibu. Kicheko ndicho kilichotoka kwanza, kikohozi kikafuata nyuma yake, na kikohozi kile hakikukoma. Jogoo alianguka. Bi Nyemo akamdaka Mihambo kabla naye hajaanguka, akamkalisha juu ya kinu, akampigapiga mgongo, na uso wake wa mzaha ukaondoka kabisa.

“Nilikuwa nakusikia,” akasema. “Kila asubuhi, nyuma ya matofali yako. Mara ngapi nimeinua mkono nigonge ukuta! Nikasema, nikigonga atadhani namcheka.”

“Nimekosa, Bi Nyemo.”

“Umekosa, ndiyo. Na mimi niliwafanya watu wakucheke siku ambayo hukuwa na nguvu ya kuchekwa. Mtani naye anatakiwa kutazama uso.” Akakaa chini karibu naye. “Sema kilichokuleta. Jogoo peke yake haleti mtu mwenye kikohozi kama hicho.”

Mihambo akamwambia: anaomba ruhusa ya kufungua dirisha la nyuma. Vumbi litakuja tena upande wake, anajua. Asipofungua ataacha useremala, na pengine hata kuacha kutachelewa.

Bi Nyemo alifikiri kidogo, kisha akatoa masharti yake kama mahakama. Michembe yake itahamia pembeni mwa ua, nje ya njia ya upepo. Juu ya dirisha, kwa nje, litatundikwa gunia lililoloweshwa maji, ili upepo upite na vumbi linase. Kulilowesha ni kazi ya Mihambo, asubuhi na adhuhuri. Msumeno wa mashine usogezwe nyuma, karibu na dirisha, vumbi litoke kabla halijatembea chumbani. Na maranda yote pamoja na unga wa mbao ni mali yake yeye Bi Nyemo, kwa jiko lake la maranda, mpaka mmoja wao afe.

“Na pangaboi?” Mihambo akauliza.

“Pangaboi kampe imamu. Pale msikitini hakuna vumbi, kuna usingizi tu.”

Basi hawakungoja kesho. Mihambo alirudi ndani na nyundo. Bi Nyemo alisimama nje, uani kwake, na mchi, na ndiye aliyepiga kwanza. Tofali la kwanza lilianguka ndani, la pili likaanguka nje, na tundu lilipofikia upana wa kichwa cha mtu, upepo ukaja. Ulikuja kwa mbele, kwa lile dirisha kubwa lililokuwa wazi miezi mitatu bure. Ulimpiga Mihambo mgongoni, ukalipeperusha shati lake, na vumbi lote la chumba likaanza kusogea, polepole kwanza, kisha kwa mkupuo mmoja, likatokea tunduni. Mihambo akafungua kitambaa puani. Akavuta pumzi, akangoja kikohozi. Hakikuja. Akavuta nyingine.

Upande wa pili Bi Nyemo alikuwa amepiga chafya mara nne. Alipochungulia tunduni, uso wake mwekundu mpaka kope, alimwona fundi amesimama na machozi yanamtiririka.

“Unalia, Mnyamwezi?”

“Ni vumbi.”

“Vumbi gani? Vumbi limeshatoka, liko usoni mwangu hapa!”

Mihambo hakupona kabisa, maana kilichoingia kifuani hakitoki chote. Lakini alipiga randa miaka kumi na mmoja mingine, na vitanda vya miaka hiyo, Bi Kalunde anasema, ndivyo vilivyokuwa bora, na vichache vingalipo Ng'ambo hadi leo. Gunia lilitundikwa. Matusi yakarudi dirishani kila asubuhi, na waliopita wakasimama tena kusikiliza.

Wazee walipomuuliza kwa nini alihangaika miezi yote ile kupanua dirisha la mbele, ilhali dawa ilikuwa nyuma, Mihambo hakujitetea. Aliwaambia kwamba alitaka kupewa hewa, huku yeye mwenyewe hataki kutoa kitu: si vumbi, si kuku, si neno la samahani.

“Na upepo,” akasema, “hauingii pasipo na pa kutokea.”