Mguu wa Mzee Ngelime

"Klachi mpya haitibu mguu wa zamani." Mmelisikia neno hilo leo, shangazi yenu alipomwambia yule jirani anayetafuta mke wa tatu baada ya wawili kuukimbia ukali wake. Mkacheka, kisha mkaniuliza lilitoka wapi. Basi chanzo chake ni hiki, na waliohusika niliwafahamu wote wawili.

Palikuwa na fundi wa magari pale Ipogolo, chini ya mji wa Iringa, mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi, jina lake Sekela. Gereji ilikuwa yake mwenyewe, na bado ilikuwa changa; watu ndiyo kwanza walikuwa wanazoea kumwachia mwanamke funguo za magari yao. Kazi yake ilikuwa safi. Kila alipofunga klachi, aliiweka pleti, ile sahani ya klachi inayoshikana na injini, katikati kwa kijiti cha mpera alichokichonga na kukilainisha kwa mkono wake, na giaboksi ilipopanda iliingia mahali pake bila kugongwa nyundo. Mafundi wenzake walikicheka kijiti hicho, kisha wakaja kimyakimya kukiazima.

Mteja aliyemtia majaribuni ni Mzee Ngelime. Huyu alikuwa ameendesha malori mazito tangu ujanani, akipanda na kushuka mlima wa Kitonga, na madereva wote wa njia ile walimheshimu. Alipostaafu, badala ya kununua ng'ombe kama wenzake, alinunua gari dogo jekundu, fupi nyuma, lenye injini ya mbio. Watoto wake walidhani amerukwa na akili. Yeye alitaka jambo moja tu: kushindana na vijana katika mbio za kupanda kilima cha Lugongo. Mimi nilimpenda kwa hilo, na nampenda hadi leo.

Gari lilikuja na klachi iliyochoka, na hakuna aliyeshangaa, kwa kuwa halikuwa jipya. Sekela akafunga nyingine. Mvua za masika hazijakatika, gari likaanza kunguruma bila kwenda, na harufu ya kuungua ikajaa ndani. Sekela akafunga nyingine tena, nayo ikaungua upesi kuliko ile iliyotangulia.

Siku hiyo Mzee Ngelime alifika gereji wateja wakiwa wamejaa. Hakufoka. Alisema kwa upole, na upole huo ulichoma kuliko matusi, kwamba labda kazi hii inahitaji mikono mingine. Kabla jua halijatua, wateja wawili walikuwa wamekuja kuchukua magari yao. Sekela alijua kwamba neno la mzee yule likifika stendi ya malori, gereji yake imekwisha. Alimeza machungu, akamwomba amwachie gari mara hii ya mwisho.

Alipoishusha giaboksi, aliikuta pleti imelika sawasawa pande zote. Hapakuwa na tone la mafuta, wala mahali palipofungwa upande. Kosa halikuwa la mikono yake. Alianza kushuku lilipo, lakini angelisemaje? Kumwambia dereva kama yule kwamba hajui kukanyaga klachi ni sawa na kumwambia mpishi wa harusi kwamba hajui chumvi.

Basi akaamua gari liseme lenyewe. Alifunga klachi mpya kwa kijiti chake cha mpera, kisha akaweka balbu ndogo karibu na usukani na kuuvuta waya wake hadi kwenye pedali ya klachi. Pedali ikiguswa hata kidogo, balbu inawaka. Akampa mzee usukani, akaketi pembeni yake, wakaenda kulijaribu gari kwenye mwinuko.

"Fundi, balbu yako mbovu," mzee alisema walipofika katikati ya mlima. "Haizimiki."

"Inawaka ukigusa klachi, baba."

"Sijaigusa tangu niweke gia ya tatu."

Sekela alitazama barabara. Mzee naye aliinamisha macho mara moja, akauona mguu wake wa kushoto umeiatamia pedali kama kuku kwenye mayai. Akauinua. Balbu ikazimika, na gari likaruka mbele kwa nguvu ambazo hakuwahi kuziona. Akalisogeza kando ya barabara, akazima injini.

"Siku moja pale Kitonga breki zilinikatikia," alisema. "Niliokolewa na gia niliyoiwahi. Tangu siku hiyo mguu huu haujalala, unakaa juu ya klachi tayari kwa gia."

"Miaka yote hiyo, baba?"

"Lori lina klachi kubwa, lilinivumilia. Haka kadogo hakawezi, klachi yake ikikanyagwa nusu inateleza na kuungua. Na mimi nikakuonea wewe, mwanangu."

Vijana wangu, hapo ndipo ninapomvulia kofia. Walikuwa wawili tu ndani ya gari, na angeweza kuyamaliza pale pale. Badala yake aliliendesha moja kwa moja hadi stendi ya malori, akasimama mbele ya madereva waliomheshimu, akawaambia kwamba kazi ya Sekela haina doa, na kwamba klachi zile aliziua yeye kwa mguu wake. Kesho yake akaanza kujifunza upya. Kila asubuhi mkewe aliketi pembeni kuichunga balbu, na majirani walimsikia akikaripia, "Mguu, baba watoto, mguu," hadi gari likapotea barabarani. Mzee mzima, mwenye wajukuu, akakubali kufundishwa kama mtu aliyepata leseni jana.

Siku ya mbio za Lugongo hakushinda. Vijana wawili walimzidi. Lakini alifika kileleni injini ikiimba, bila harufu wala moshi, na wale aliowaacha nyuma wakalizunguka gari lake. Walitaka kujua Sekela amefunga klachi ya aina gani, ili nao wakainunue.

Mzee Ngelime angeweza kujivika sifa, au kuwaacha waamini wanachotaka. Alifungua mlango, akautoa nje mguu wa kushoto, akaupiga kofi pajani mbele yao.

"Ni ya kawaida, sawa na zile mbili nilizozichoma," akasema. "Klachi mpya haitibu mguu wa zamani."

Sekela alikuwa nyuma ya watu hao. Alilia mbele ya kadamnasi, wala hakuona haya.

Basi msilitumie neno hili kwa kuwacheka wenzenu tu, kama mlivyomcheka jirani. Aliyelisema kwanza alikuwa anajisema mwenyewe. Klachi mpya haitibu mguu wa zamani.