Kiti cha Wageni

Ndugu zangu, leo nitawaambia habari za kiti.

Kulikuwa na mzee mmoja aliyenunua hisa za kampuni isiyogawa faida. Kila ilichopata ilikirudisha kazini, nayo bei ya hisa ikapanda mwaka hadi mwaka. Mkewe alikuwa na hisa katika ushirika wa maziwa. Hizo hazikukua, ila kila mwaka zilimpa gawio, na gawio likawa ada, dawa na sabuni. Nani kati yao alikuwa na akili? Msijibu haraka. Kwa hesabu, mzee alikuwa tajiri kuliko mkewe. Lakini sebuleni kwake kiti cha wageni kilikuwa na miguu mitatu, na wa nne ulikuwa tofali.

Siku moja mkewe akamwambia, "Baba watoto, Jumamosi wanakuja kumposa binti yetu. Gawio langu limeishia kwenye ada. Uza hisa mbili tununue kiti, mtoto asiaibike mbele ya wakwe."

"Wiki hii zimepanda. Kitu kinachopanda hakiuzwi."

"Mwezi uliopita zilishuka, ukasema kilichoshuka hakiuzwi."

"Ndivyo."

"Sasa kinauzwa lini?"

Mzee akavaa kofia, akasema anakwenda kuangalia mbuzi. Hakuwa na mbuzi.

Jumamosi ikafika. Baba mkubwa wa kijana, mtu wa mwili hasa, akapewa kiti cha heshima. Mzee akamnong'oneza, "Mkwe, egemea upande wa dirisha." Mgeni akaegemea. Mahari yote akaizungumza ameinama kama mgomba uliobeba mkungu. Mwisho akasema,

"Ng'ombe sita mliotaja tumekubali. Ni wako kuanzia leo. Ila watabaki zizini kwetu."

"Mpaka lini, mkwe?"

"Wazaliane kwanza. Majirani zako wametuambia kwamba kwako kitu kinachokua hakiguswi. Tukasema, huyu tumheshimu kwa desturi yake."

"Na maziwa?"

"Maziwa watanyonya ndama, wakue."

Mama akaficha uso kwenye khanga, mabega yakawa yanatikisika. Mzee akatazama tofali kwa muda mrefu. Kisha akasema polepole, "Jumatatu nauza hisa mbili. Nanunua kiti."

Mgeni akasimama, akanyoosha mgongo. "Basi ng'ombe watakuja Jumanne."

Ndugu zangu, kukuza si dhambi. Anayekula hata mbegu atalia msimu ujao. Lakini kitu kisicho na siku ya kuvunwa, kinamfaa nani? Na sisi je? Hatuna upendo tunaoutunza hivyo? Tunampenda mama yetu kule nyumbani, upendo unapanda kila mwaka, naye hajauonja.

Tangu tumzike mke wangu, hakuna hata mmoja wenu aliyenijia akaniambia, "Mchungaji, mwezi huu upendo wetu kwako umepanda sana." Mlikuja na masufuria. La ugali, la maharage, na moja bado liko kwangu. Nimeliosha, mwenyewe aje alichukue.

Basi tukitoka hapa, kila mmoja wetu akauze hisa zake mbili. Mahali fulani kuna mtu ameegemea upande wa dirisha, anatungoja sisi.