Tone la Mwisho la Numeir

Kisa hiki nilikisikia kwanza kwa Maalim Zeyana binti Sudi, anayetusomesha darsa ya wanawake siku za Jumatano. Alitusimulia tukisubiri mvua ipungue ili turudi majumbani, na watoto wetu walikuwa wamelala kwenye mikeka. Nimekiandika kwa namna alivyokisema, na pale niliposahau namuomba Mwenyezi Mungu anisamehe.

Wamesimulia waliotangulia kwamba katika mji mmoja wa Iraqi, zama za watu wema, aliishi muuza mafuta aitwaye Numeir bin Asad, Allah amrehemu. Alikuwa na kibanda kidogo sokoni, mitungi ya mafuta ya zeituni na ya ufuta, na kipimo kimoja cha shaba. Mkewe, Bibi Raihana, alikuwa mjamzito wa mtoto wao wa kwanza.

Numeir alikuwa na desturi moja. Akishammiminia mteja mafuta, hakukiondoa kipimo. Alikiinamisha juu ya gudulia la mteja akasubiri. Mafuta ni mazito, hayana haraka. Yalishuka uzi mwembamba, kisha matone, kisha tone moja moja. Likishaanguka la mwisho ndipo husema, "Alhamdulillahi, chukua haki yako," na kumkaribisha anayefuata.

Ng'ambo ya njia palikuwa na muuza mafuta mwingine, jina lake Jundub. Huyu alikuwa mchangamfu, mwepesi wa mikono na mwepesi wa maneno. Alimimina, akageuka, akakitundika kipimo chake kwenye msumari ukutani, mdomo chini, huku tayari anamtania mteja mwingine. Chini ya msumari aliweka bakuli, ili mafuta yanayodondoka yasichafue sakafu. Hakuwa mtu mbaya. Hivyo ndivyo baba yake alivyouza, na babu yake kabla ya hapo.

Basi watu wakamzoea Jundub. Nani anataka kusimama juani akitazama tone? Walipopita mbele ya Numeir walimsalimu kwa heshima, kisha wakavuka njia.

Siku moja msimamizi wa soko, Mzee Kinana, alisimama mbele ya kibanda cha Numeir akiwa na fimbo yake.

"Numeir, kibanda chako kina kivuli kizuri na hakina watu. Muuza tende anakitaka. Nitakuja Ijumaa baada ya swala. Nikikikuta hivi, utampisha."

"Nimesikia, mzee wangu," akajibu Numeir.

Jioni alimweleza mkewe. Bibi Raihana alikuwa akikanda unga. Bila kibanda kile hawakuwa na kazi nyingine, na mtoto alikuwa karibu kuzaliwa.

"Mume wangu," alisema, "mafuta yako yana usingizi. Yanaamka polepole kuliko mafuta yote ya mji huu."

Numeir akacheka. "Mafuta ni yale yale. Mimi ndiye ninayeyasubiri."

"Na usipoyasubiri? Tone moja tu. Nani atalijua?"

"Hakuna atakayelijua. Ndiyo maana ninaliogopa. Mtu akinunua kipimo, amenunua mpaka tone la mwisho. Likirudi mtungini mwangu, nitasema nimelipata wapi?"

Bibi Raihana akafuta mikono yake. Akamtazama mumewe, na mashaka yakamtoka usoni.

"Basi lisubiri," akasema. "Kama ni kuhama, tutahama. Lakini nitakapofunga mizigo yetu sitaki kufunga na tone la mtu ndani yake."

Siku ya Alhamisi adhuhuri Jundub alikaa kula. Kama ilivyokuwa ada yake, alilivuta lile bakuli la chini ya msumari, akachovya mkate. Mbele yake alikuwapo Ummu Wahab, mwanamke msokotaji wa sufi, pamoja na wanawake wengine waliosubiri kuhudumiwa.

"Karibu chakula, mama," Jundub akasema kwa furaha. "Mafuta haya matamu kuliko yote, maana hayanigharimu chochote."

"Umepewa zawadi?" akauliza Ummu Wahab.

"Sikupewa. Yanadondoka yenyewe."

"Yanadondoka kutoka wapi?"

"Kutoka kwenye kipimo."

"Kipimo kipi, mwanangu? Kile nilichonunua mimi?"

Jundub akaacha kutafuna. Akalitazama bakuli, akatazama msumari, kisha akamtazama Ummu Wahab.

"Kula, kula," Ummu Wahab akamwambia. "Kumbe leo mgeni wangu ni wewe. Ningejua ningekuletea na chumvi."

"Na jana alikuwa mgeni wangu," akasema mwanamke wa nyuma yake. "Hata hodi hakupiga."

Wanawake wakacheka mpaka wauza mboga wakasogea kuuliza kuna nini. Hawakumtukana. Walibeba magudulia yao tu, wakavuka njia, wakajipanga mbele ya kibanda cha Numeir.

Hapo ndipo mtihani ulipokuwa mkubwa zaidi. Watu walikuwa wengi na jua lilikuwa kali, na kesho yake ilikuwa Ijumaa. Numeir alimimina, akakiinamisha kipimo, akasubiri. Wa mwisho kwenye mstari wakaanza kunung'unika. Mmoja akasema, "Numeir, leo tuhurumie, mimina tu." Akajua kwamba wakichoka wataondoka, na Mzee Kinana atakikuta kibanda kitupu. Lakini akasema kwa upole, "Nisameheni, ndugu zangu. Haki ya huyu haijamalizika kushuka." Na kipimo kikabaki pale pale.

Jundub alikuwa akimtazama kutoka ng'ambo. Akainuka, akavuka njia na bakuli lake mkononi.

"Assalamu alaykum, ewe Numeir. Nimekula mali ya watu hawa miaka mingi, na wallahi nilidhani nakula mafuta yangu. Nifanye nini?"

"Wa alaykumu ssalamu. Wewe si wa kwanza kusahau," Numeir akamjibu. "Wanaokuja kwako, waongezee juu ya kipimo mpaka moyo wako utulie. Usiowajua, watolee sadaka. Kisha anza upya."

"Bado watanijia?"

"Wewe unawachekesha. Mimi nawachosha. Watakuja."

Jundub akautazama mstari ule mrefu, akajikuna kichwa. Hakuwa mtu wa kuweza kutazama kazi ikienda polepole. Akarudi kwake, akachukua ubao wa rafu, akamwendea seremala wa jirani wakautoboa matundu yenye ukubwa wa mdomo wa gudulia. Akaleta na kile kipimo chake cha shaba, na vingine alivyoviazima kwa majirani. Akapanga magudulia chini ya ubao, na juu ya kila tundu kikakaa kipimo, mdomo chini.

"Subira ni yako," akamwambia Numeir, "lakini kwa nini isubiriwe na mikono? Ubao hauchoki. Huyu akidondokewa, wewe mmiminie mwingine."

Numeir akaona ni kweli, akamshukuru Mola wake. Mstari ukaanza kusogea, na kila mmoja akapata mafuta yake mpaka tone la mwisho.

Ijumaa baada ya swala Mzee Kinana alifika na fimbo yake. Alikuta watu wamejaa, Numeir anamimina, na Jundub amekaa kibandani kwa Numeir anapanga magudulia na kutania wateja, na Ummu Wahab ni miongoni mwao.

"Subhanallah," akasema mzee. "Nilikuja kumtoa muuza mafuta mmoja, nawakuta wawili."

"Ukimtoa yeye, mzee, nitoe na mimi," akasema Jundub. "Ndio kwanza nimeanza kujifunza kuuza."

Mzee Kinana akacheka, akamtafutia muuza tende mahali pengine. Wawili wale wakawa washirika mpaka uzeeni. Na mwezi ule ule Bibi Raihana alijifungua mtoto wa kike, na wa kwanza kuleta zawadi alikuwa Jundub, amebeba gudulia la mafuta lililojaa hadi mdomoni.

Maalim Zeyana alipofika hapa alituambia kwamba wema mwingi wa watu wale haukuwa katika mambo makubwa. Ulikuwa katika kitu kidogo kinachofanywa kila siku, wakati mtu ana haraka na hakuna anayemuangalia. Riziki ya Numeir Mwenyezi Mungu aliiweka hapo hapo, ndani ya kile kilichoonekana kinamchelewesha. Kisha mvua ikaacha, tukawaamsha watoto.

Asubuhi yake nilikuna nazi kwa mbuzi ya jirani yangu Mwanahawa. Nilipomaliza niliyasugua meno yake kwa brashi na maji ya moto, jino kwa jino, nikaianika juani mpaka ikakauka, nikampelekea kabla hajaja kuiulizia. Akaigeuza huku na huku.

"Shoga, hii ndiyo yangu kweli?"

Nikamwambia ndiyo yake, nikarudi ndani kumnyonyesha mtoto.