Liwali Bumunda na Chemchemi ya Majabalini

— Mliokaa!
— Tumekaa!
— Masikio mmekuja nayo?
— Tumekuja nayo mawili mawili!
— Basi yafungueni, neno linaingia.
— Na liingie, likae!

Hapo kale Mfalme Ndovu alitawala nchi kubwa yenye sehemu sita. Tano zilikuwa majimbo. Pundamilia walikuwa na jimbo lao, baraza lao, na mkuu waliyemchagua wenyewe. Nyumbu walikuwa na jimbo lao, baraza lao, na mkuu waliyemchagua wenyewe. Twiga hivyo hivyo. Nyani hivyo hivyo. Ngiri nao, japo kwa kelele, hivyo hivyo. Mfalme aliangalia vita na mipaka. Maji na malisho kila jimbo liliamua lenyewe.

Sehemu ya sita ni Majabalini. Huko ni mawe juu ya mawe, na katikati yake chemchemi moja tu. Wenyeji ni pimbi, kanga na mijusi. Siku nchi ilipogawanywa, wakubwa walicheka: "Vidude hivi vitatunga sheria gani?" Basi Majabalini ikafanywa ardhi ya Kiti, yaani ya enzi ya Mfalme mwenyewe. Haina baraza, haina mkuu wake. Hutawaliwa na liwali, naye huletwa na Mfalme kwa barua.

Kiangazi kimoja barua ilileta liwali mpya: Kiboko, jina lake Bumunda. Hakuuliza ofisi iko wapi. Aliuliza, "Maji yako wapi?" Akaonyeshwa chemchemi. Akaingia, chubwi! Maji yakaruka nje, pwaa! Yaliyobaki yakawa tope. Akakaa humo asubuhi, akakaa humo mchana, akakaa humo jioni.

Pimbi wakamwendea. "Bwana Liwali, tuna kiu."

"Kiti kimenituma," akasema Bumunda. "Nani wa kunitoa?"

Kanga wakamwendea. "Bwana Liwali, vifaranga wanakufa."

"Kiti kimenituma. Nani wa kunitoa?"

Hapo palikuwa na pimbi mmoja, mama wa watoto wanne, akiitwa Chepe. Mwanawe wa mwisho alikuwa akilamba mawe alfajiri kutafuta umande. Chepe alimwona. Akamwambia shangazi yake, "Nakwenda kwa Mfalme."

"Mwanangu, utarudishwa mlangoni," shangazi akasema. "Jimbo lina kinywa chake. Ardhi ya Kiti haina kinywa, ila cha liwali."

Chepe akaiacha safari. Lakini neno lile likamkaa moyoni.

Siku ya tatu Bumunda alichoka tope lake. Akavuka mpaka, tifu-tifu-tifu, kwenda kuoga kwa pundamilia. Chepe akamfuata kwa mbali, jiwe kwa jiwe. Kisimani akatokea Mkuu wa pundamilia, mama mmoja mwembamba, ngoma ikilia mbele yake.

"Liwali, rudi ulikotoka. Hapa maji ya kunywa hayaogwi. Baraza limesema."

"Kiti kimenituma!"

"Barua yako inaishia kwenye lile jiwe la mpaka."

Bumunda akarudi mdomo umemvimba, akinung'unika njia nzima: "Kimama kile! Kinikataze mimi!"

Chepe akamngoja ukingoni mwa chemchemi.

"Shikamoo, Bwana Liwali."

"Marahaba. Unataka maji? Hakuna."

"La, bwana. Nakuhurumia tu. Tumbo kubwa hivi, cheo kidogo hivi!"

"Kidogo?"

"Liwali huletwa kwa barua, huondolewa kwa barua. Yule mama, Mfalme hawezi kumwondoa pasipo baraza lake. Tena anapigiwa ngoma. Wewe wapigiwa nini?"

Bumunda akasikiliza. Alisikia tumbo lake tu: guru-guru-guru.

"Mbona mimi sina ngoma?"

"Kwa sababu Majabalini si jimbo. Ingekuwa jimbo, ingekuwa na Mkuu. Na hapa kwetu mkubwa kuliko wote ni nani?"

"Mimi!"

"Umesema mwenyewe, bwana. Mimi sijasema."

Siku ile ile Bumunda akaandikisha ombi: Majabalini iwe jimbo. Akaligonga muhuri kwa mguu wa mbele, puu! Tarishi Korongo akaruka nalo.

Mfalme Ndovu akalisoma mara mbili. Wenyeji wangapi walipata kuomba, naye hakuwasikia! Lakini liwali kuomba uliwali wake ukome? Hilo halijatokea. "Basi hao wenyeji wamekomaa," akasema. "Wapewe."

Korongo akarudi akasoma mbele ya wote: "Leo Majabalini ni jimbo. Uliwali umekwisha."

"Ukubwa umeanza!" akapiga kelele Bumunda.

"Sijamaliza," akasema Korongo. "Kila mkazi ataweka kokoto moja mbele ya amtakaye. Mwenye nyingi ndiye Mkuu."

Kanga wakaja, ti, ti, ti, mbele ya Chepe. Mijusi wakaja, ti, ti, ti, mbele ya Chepe. Pimbi wakaja, hata vikongwe wakishikwa mkono, ti, ti, ti, mbele ya Chepe. Bumunda akacheka. Akaenda nyuma ya kilima, akasukuma jabali zima kwa pua, kwaruu, kwaruu, akaliweka mbele yake mwenyewe.

"Nani ana kubwa kama hili?"

Korongo akalitazama juu hata chini. "Moja," akasema.

Baraza likakaa pale pale juani. Sheria ya kwanza ya Majabalini: maji ya kunywa hayaogwi.

"Nitakushtaki kwa Mfalme!" Bumunda akanguruma.

Chepe akasogea mbele, akajibu. "Mfalme ni wa vita na mipaka, bwana. Maji ni ya Majabalini."

Bumunda akatoka, tifu-tifu-tifu, akavuka mpaka. Tope likatulia siku mbili. Siku ya tatu chemchemi ikawa safi kama jicho. Watoto wakanywa, vifaranga wakanywa, wazee wakanywa. Kisha wakapanda juu ya mawe yao, vifua mbele, ngoma ikalia ndi, ndi, ndi, hata ngiri wakaisikia kwao. Na Chepe, kipimbi wa kushikika kiganjani, alijiona siku ile mrefu kama twiga.

Basi mnaona funzo lake? Wadogo wasijitie katika mambo ya utawala. Hayo ni ya wenye matumbo. Asiyesadiki amwulize Bumunda. Yuko mtoni, bado anangoja barua.

Ngano yangu imeota miguu, inakwenda zake.
— Na iende!
— Atakayekutana nayo?
— Aipe maji!