Kofia Yenye Nundu

"Na huyu mvulana, nywele zake mtazikata lini?"

Hilo ndilo swali alilouliza Bi Ernesta kutoka ng'ambo ya ua, wiki ile ile Rajbir alipowasili kutoka Punjab na mwanawe Fateh, mtoto wa miaka minne. Rajbir hakujua Kiitalia hata cha kuombea maji. Aliyemfasiria ni Tarsem, kaka mkubwa wa mumewe, mwenyeji wao, aliyekuwa amekamua ng'ombe wa bonde la mto Po, huko Italia, kwa miaka mingi hata ng'ombe wakaizoea sauti yake.

"Umesikia, shemeji?" Tarsem alisema, akicheka puani. "Hujafungua hata masanduku, mwenzako ana hamu na kichwa cha mtoto. Yule ni fundi cherehani, mkasi haumtoki mkononi. Mchunge!"

Wahenga walituonya kwamba adui wa mtu mara nyingi hatoki mbali. Hulala naye nyumba moja, akala naye sahani moja. Rajbir aliyasikia hayo tangu utotoni, ila siku ya kuyahitaji yalimtoka akilini.

Fateh alizaliwa baada ya mimba mbili kuharibika. Siku ile alipompakata, Rajbir aliweka nadhiri mbele ya Mungu kwamba chuma hakitagusa nywele za mtoto huyo. Kwa watu wao nywele ni amana ya Muumba, na amana haipunguzwi. Kila asubuhi alizichana, akazipaka mafuta, akazifunga fundo utosini kwa uzi mweupe. Balkar, mumewe, aliyetoka kwenda zizini kabla ya alfajiri, kila aliporudi alimgusa mtoto fundo lile kwanza, ndipo akanywa chai.

Kwa hiyo Rajbir alichunga. Alimwona Bi Ernesta nyuma ya mbao za dirisha, akisimamisha cherehani kila Fateh alipopita. Alimwona akimwita kwa biskuti. Siku moja alimfuma amepiga magoti mbele ya mtoto, futi ameizungusha kichwani, akapima hata lile fundo, na mkasi unaning'inia mfukoni mwa aproni. Rajbir alimpokonya mwanawe kama kuku aliyeona mwewe. Tangu hapo mlango ulishinda umefungwa.

Jumapili moja ikawa zamu yake kukanda unga wa chapati katika jiko la gurudwara, hekalu la Masingasinga, wanapokula wote waliokuja kuabudu. Fateh alikuwa anakohoa.

"Niachie mimi," Tarsem alimwambia. "Ukungu wote huu, unataka kumuua mtoto?"

Aliporudi mchana alimkuta Fateh ameketi kitandani, taulo kichwani. Akaivuta taulo. Kichwa kilikuwa kama shamba lililokwisha kuvunwa. Rajbir alipiga ukemi hata ng'ombe wakajibu.

"Nilitoka kidogo tu," Tarsem alisema, macho chini. "Ndama alikuwa anazaliwa. Nikamwacha kwa yule mama. Ningejuaje?"

"Fateh, ni yule bibi?" Rajbir aliuliza. Mtoto akaangua kilio, na kilio hicho mama yake akakichukua kuwa jibu.

Alimkokota hadi mlangoni kwa jirani, Tarsem akimfuata nyuma. "Mwambie! Mwambie ni mwizi! Mwambie amekata nadhiri yangu, na Mungu amemwona!"

Tarsem alisema maneno yake. Bi Ernesta alishika kifua. Alitazama kichwa cha Fateh, akaanza kueleza, akieleza na kuonyesha mnara wa kanisa, tena na tena.

"Anasemaje?"

"Anaapa kwa kanisa lake kuwa zitaota tena."

"Maneno yote yale ni hayo tu?"

"Ni hayo tu."

Bi Ernesta aliingia ndani, akatoka na kofia ya sufu, nyekundu kama komamanga. Haikuwa kofia ya dukani. Juu yake ilikuwa na nundu, imeshonwa sawasawa na fundo la nywele la mtoto. Alimvisha Fateh. Nundu ile, isiyo na kitu ndani, ikaanguka upande kama sikio la mbuzi. Kikongwe aliitazama, akafuta macho kwa aproni, akafunga mlango wake polepole.

Rajbir alirudi nyumbani. Alitaka kusali. Alinyoosha mkono kwenye rafu ya juu, pale palipowekwa kitabu cha sala, na vidole vyake vikagusa kifurushi kilichosukumwa nyuma. Akakifungua. Zilikuwa nywele za Fateh, bado zimefungwa kwa uzi mweupe wa asubuhi. Zimekunjwa vizuri ndani ya kipande cha kitambaa cha samawati kilichotiwa wanga, kitambaa cha kilemba.

Akaketi. Bi Ernesta angezifagia pamoja na vitambaa vyake, akazitupa. Asingejua kosa liko wapi. Huyu alizifunga kwa heshima, akaziweka juu, mahali safi, asije mtu akazikanyaga. Aliyezikata alijua vizuri alichokata.

"Fateh, leo umemwona bibi wa jirani?"

"Alienda kanisani. Kengele ililia."

"Na wewe ulikuwa na nani?"

"Baba mkubwa." Mtoto akashusha sauti. "Alisema ni siri ya wanaume. Halafu akalia, mama."

Tarsem na Balkar walipoketi kunywa chai, Rajbir aliingia. Siku zote mbele ya shemeji mkubwa alivuta mtandio ukamfunika uso. Siku hiyo hakuuvuta. Aliweka kifurushi mezani.

Tarsem alikitambua kitambaa chake. "Shemeji, nisikilize. Mimi vijana wa hapa walinivua kilemba pale stesheni, wakakipiga teke kama mpira. Mtoto anakaribia kuanza shule. Nilimwonea huruma."

"Kaka," Balkar alisema, akiweka kikombe chini, "hata mimi umeniambia ni yule mama."

"Huruma yako ungeniletea mimi, tukabishana hadi kuche," Rajbir alisema. "Lakini nilikuazima ulimi wako, shemeji, kwa kuwa sina mwingine katika nchi hii. Ukanipeleka nao nikamtukane mama wa watu, aliyekuwa akimshonea mwanangu kofia."

Rajbir akachukua kile kifurushi, akakitia ndani ya nundu ya kofia, na kofia ikasimama wima kichwani mwa Fateh. Akamshika mwanawe mkono, akatoka, akielekea mlangoni kwa Bi Ernesta. Kwa muda wote aliokuwa akichungulia ng'ambo ya ua, mla wake alikuwa akinywa chai mezani pake. Kweli, kikulacho ki nguoni mwako.