Duka Lililofunikwa Khanga

Niwape habari za mwanamke mmoja mfumaji. Msianze kugeukiana kumtafuta, hayupo hapa. Nimemtunga mwenyewe jana nikichambua mchele.

Mwanamke huyo mikono yake haikujua kutulia. Mahindi yanachemka, yeye anafuma. Wageni wanaongea, yeye anaitikia huku anafuma. Makochi yake yalivaa vitambaa mgongoni na mikononi, redio ilivaa, chupa ya chai ilikuwa na sketi ya marinda. Mume wake alipokaa kula alikuwa anajikagua kwanza, maana aliona zamu yake inakuja. Hakuna aliyemtuma, hakuna aliyemlipa. Alifuma kwa kuwa ilimfurahisha, na hiyo ni sababu nzuri kuliko nyingi tulizo nazo.

Alikuwa na ua lake moja alilolibuni mwenyewe, majani yake yanafuatana kwa duara kama watoto wanaokimbizana. Kila aliyeliona alimwambia, uza. Basi akamwomba mume wake lile banda la mbele linalotazama barabara. Mume alikuwa amelipangia kufuga kuku. Akafikiri, akasema sawa, mpaka masika. Masika yakifika na banda halijaleta kitu, kuku wanaingia.

Mnajua mwanamke kupata mlango wake mwenyewe unaotazama barabara ni kitu gani? Wanaume, sijawauliza ninyi.

Akafungua duka. Lakini siku hiyohiyo ya kwanza hofu ikamwingia. Mnaofuma mnajua: fundi akilitazama ua vizuri, akahesabu matundu, anaondoka nalo kichwani, na wiki ijayo unalikuta kwake. Kwa hiyo alitandaza vitambaa vyake mezani vizuri kabisa, kisha akavifunika khanga. Mteja akija, anamfunulia ncha, anafunika. Mteja akiinama kidogo, mfumaji maneno yanamtoka.

"Dada, unanunua au unahesabu matundu?"

"Nitanunuaje kitu sijakiona?"

"Kinunue kwanza. Utakiona vizuri ukifika kwako."

Niambieni ninyi mnaouza nyanya hapo sokoni, hilo ni duka au ni msiba? Watu walipita wakiangalia khanga, wengine wakashusha sauti kabisa. Mawingu yakaanza kukusanyika. Mume naye akaanza kupita bandani na futi kamba, anapima ukuta, anapiga mluzi. Mwanamke akawa anafuma bila raha, jambo ambalo halijawahi kumpata tangu ajue kushika uzi.

Ndipo akaja mama mmoja wa usharika mwingine, anaoza binti. Hata khanga hakuomba ifunuliwe. Alisema anataka vitambaa vya meza zote za ukumbini kwa sherehe ya kumuaga binti yake, vyote vya ua lile la majani yanayokimbizana. Mfumaji akamuuliza haraka ameliona wapi.

"Kanisani kwenu, nilipokuja kwenye ubatizo," yule mama akasema. "Limetandikwa pale meza ya mbele. Mahubiri ya siku hiyo usiniulize."

Kumbe mwaka uliopita mfumaji alikuwa ametoa kitambaa kimoja sadaka, kikatandikwa madhabahuni, naye akakisahau, kama mtu anavyosahau kitu alichokitoa kweli.

Akakubali kazi. Mteja alipoondoka tu, furaha ikamgeukia. Meza ni nyingi, sherehe i karibu, na yeye ana mikono miwili. Akikataa, kuku wanaingia. Akiita wanawake wenzake wamsaidie, itabidi awafundishe ua, na ua likishatoka halirudi. Alizunguka na hilo jambo mpaka chakula kikaungua.

Mwishowe akaenda kwa jirani yake, fundi aliyemwogopa kuliko wote. Akakaa barazani, akaongea kwa shida kama anayeng'olewa jino: ana kitu cha kumfundisha, lakini aape kwamba hatamwambia mtu. Jirani akamtazama, akaingia ndani, akatoka na kitambaa. Ua ni lilelile, jani kwa jani.

"Dada yangu, hili tunalijua benchi zima," jirani akasema. "Liko mbele ya macho yetu kila Jumapili, na mchungaji akianza hamalizi. Ulitaka tuhesabu nini, mabati?"

"Sasa mbona hamjauza?"

"Linatushinda kwenye pembe. Tukifika kona, kitambaa kinajikunja kama chapati. Tungekuja kukuuliza, lakini wewe na hiyo khanga yako ni kama askari wa benki."

Mfumaji kicheko kikamwanza tumboni, kikapanda, akacheka mpaka jirani akamshika asianguke barazani. Akaichukua sindano, akamwonyesha pembe palepale. Kesho yake banda lilikuwa wazi, wanawake wamejaa kwenye mikeka, vitambaa vimetundikwa mpaka nje, umbea na uzi vinakwenda pamoja. Meza za ukumbi zikapendeza, na kabla wali haujaisha wageni wawili walishamshika mkono wakitaka vitambaa vya kwao. Kuku walijengewa nyuma ya nyumba, na nasikia dirisha lao lina pazia.

Sasa nisikilizeni, kicheko kimetosha. Vyote alivyovilinda havikumletea hata mtu mmoja. Kile kimoja alichokiacha wazi ndicho kilichokuwa kinamtafutia mteja na mafundi, yeye akiwa amekaa bandani anawafokea watu.

Na sisi je? Wewe unayejua kushona, ukiulizwa ulijifunzia wapi unabadilisha mazungumzo. Wewe unayeoka mikate inayonukia mtaa mzima, mlango umefunga na dirisha umefunga. Unaogopa nani? Yule atakayeiga? Huenda ndiye uliyekuwa unamwomba Mungu akuletee, umsaidie naye akusaidie, na umeshamnunia.

Tunapiga magoti hapa tukisema, Bwana, fungua milango. Milango ipi, wakati tumeiegemea kwa ndani? Analeta mtu, tunamfukuza kwa jicho. Analeta mwingine, tunamfukuza kwa maneno. Na Jumapili tunarudi tena na maombi yaleyale, naye anatuletea tena. Mimi ningeshachoka, ningewapeleka watu hao mtaa wa pili. Shukuruni kwamba mimi si Yeye.

Haya, simameni tuimbe.